Mwako Angani: Patriot, Scud na Televisheni ya Mwaka 1991

Picha yenyewe haikuwa na mambo mengi. Anga la usiku, doa la nuru likishuka, jingine likipanda kulikabili, kisha mwako, na sekunde chache baadaye kishindo kikaifikia kamera. Mbele ya kamera alisimama mtangazaji, pengine kinyago cha gesi kikiwa mkononi, akiwaeleza watazamaji kwamba kombora la Patriot la Marekani limelidungua kombora la Scud la Iraq. Kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari 1991 watu wa mabara yote waliiona picha hiyo, au nyingine iliyofanana nayo, usiku baada ya usiku. Vita vilipokwisha, karibu kila aliyefuatilia habari alikuwa na hakika ya jambo moja kuhusu Patriot: lilikuwa likifanya kazi yake, na kuifanya vizuri.

Miezi michache baadaye hakika hiyo ilianza kumomonyoka, na kufikia mwishoni mwa mwaka 1992 ilikuwa imebaki kidogo sana. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu Vita vya Ghuba ndivyo mfano mkubwa unaotajwa kila wanafikra wa usasaleo, mkondo wa fikra unaotilia shaka hakika zote, wanapojadili jinsi vyombo vya habari vinavyotuundia uhalisi, lakini mjadala huo kwa kawaida huelea juu juu: vita vilikuwa picha, picha zilikuwa vita, basi. Suala la Patriot lina namba, tarehe na mikanda ya video. Nadharia inaweza kupimwa juu yake.

Kwanza mazingira, kwa ufupi. Iraq iliivamia Kuwait Agosti 2, 1990. Usiku wa kuamkia Januari 17, 1991, muungano ulioongozwa na Marekani ulianza kuishambulia Baghdad kwa ndege, na ulimwengu ukasikia mabomu yakianza kuanguka kupitia sauti za waandishi wa CNN, kituo cha habari cha Marekani, waliokuwa katika hoteli ya Al-Rashid. Siku iliyofuata Iraq ilianza kurusha makombora kuelekea Israel, kisha Saudi Arabia. Kwa jumla yalikuwa zaidi ya 80. Hayakuwa Scud za Kisovieti kama zilivyotoka kiwandani. Mafundi wa Iraq walikuwa wamerefusha matangi ya mafuta na kupunguza uzito wa kichwa cha mlipuko ili masafa ya kilomita 300 yafike takriban 650, wakayapa jina la al-Hussein. Marekebisho hayo yaliyaacha makombora yakiwa marefu na dhaifu. Yaliporudi kwenye hewa nzito kwa kasi inayozidi mita 1,600 kwa sekunde, mengi yalikatika vipande, na kichwa kikashuka kikipepesuka na kubadili mwelekeo bila mtu yeyote kukusudia hivyo. Kwa mfumo wa kujihami, shabaha ya namna hiyo ni balaa.

Patriot nalo lilikuwa limeundwa hapo mwanzo kudungua ndege. Toleo lililotumika Ghuba lilikuwa limeboreshwa ili likabili makombora ya aina ya Scud, lakini namna yake ya kuua ilibaki ileile: halikugonga shabaha uso kwa uso, lililipuka karibu nayo na kutawanya vipande vya chuma. Naomba msomaji alishike hilo, maana karibu kila kitu kinachofuata kinalitegemea.

Halafu kuna suala la wapi kamera ziliruhusiwa kufika. Jeshi la Marekani liliwaweka waandishi katika vikundi vilivyosindikizwa na maofisa, na habari zao zilipitiwa kabla ya kutumwa. Uwanja wa vita wenyewe, kule jangwani, haukuonekana. Kilichoonekana kutoka upande wa mashambulizi ni mikanda iliyochaguliwa na jeshi, ile ya bomu linaloingia dirishani mwa jengo, ingawa mabomu yenye kuongozwa hayakufika hata asilimia 10 ya uzito wa mabomu yote yaliyodondoshwa. Lakini Scud ziliwafuata waandishi walikokuwa wamefikia. Riyadh, Dhahran na Tel Aviv zilikuwa na hoteli zenye mapaa, na juu ya mapaa palikuwa na kamera zilizounganishwa na setilaiti. Pambano la Patriot na Scud likawa ndilo pambano pekee la vita vile lililoweza kuonekana moja kwa moja likitokea. Huko Israel wadhibiti wa habari wa jeshi walikataza kutangaza mahali hasa makombora yalipoangukia, wasije wakaisaidia Iraq kurekebisha shabaha. Sababu hiyo ilikuwa na mantiki yake, ila matokeo yake ni kwamba mtazamaji alipewa mwako wa juu na kunyimwa shimo la chini.

Ndani ya wiki hizohizo Jean Baudrillard, mwanasosholojia wa Kifaransa, alikuwa akiandika katika gazeti la Libération. Makala yake ya kwanza, mapema Januari, ilidai vita havitatokea. Ya pili, vita vikiendelea, iliuliza kama kweli vinatokea. Ya tatu, mwishoni mwa Machi, ilitangaza kwamba havikutokea. Wengi waliishia kwenye vichwa vya makala hizo wakamwona ama amerukwa na akili ama hana utu. Hakukana kwamba watu walikufa. Hoja yake ilikuwa kwamba kilichoitwa vita, yaani mapambano ya pande mbili ambayo mwisho wake haujulikani, hakikuwapo: upande mmoja ulitekeleza mpango uliokamilika kabla ya risasi ya kwanza, upande wa pili ulijificha, na sisi wengine tukalishwa mfululizo wa picha ambazo zilitangulia tukio lenyewe na kulichukulia nafasi.

Miaka 10 kabla ya hapo alikuwa amekwisha kueleza hatua ambazo picha hupitia. Mwanzoni huakisi uhalisi. Baadaye huupotosha. Kisha huficha kwamba hakuna uhalisi nyuma yake. Mwishoni haihusiani tena na uhalisi wowote, inakuwa nakala isiyo na asili, kitu alichokiita simulakra. Wanaomfuata hupenda kusimulia tukio dogo la vita vile: studio ya CNN iliwaunganisha waandishi waliokuwa Ghuba na kuwauliza kunatokea nini huko, ikabainika kwamba nao walikuwa wakiitazama CNN ili wajue kinachotokea. Ni tukio la kuchekesha, na linaieleza nadharia kuliko kurasa nyingi za falsafa.

Sasa turudi kwenye mwako.

Patriot lilikuwa na kichwa chake cha mlipuko. Kililipuka kilipohisi shabaha iko karibu. Lakini pia kombora lililopoteza shabaha lilijilipua lenyewe, lisije likaanguka na kuua watu lililokusudiwa kuwalinda. Maana yake ni kwamba Patriot lililofaulu liliishia kwenye mwako, na lililokosa liliishia kwenye mwako uleule. Kwa macho ya mtu aliye juu ya paa kilomita kadhaa kutoka hapo, na zaidi kwa macho ya mtu aliye kwenye kochi upande wa pili wa dunia, hakukuwa na tofauti. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hapa macho yalikuwapo na mwako ulikuwapo, ila bila kuambiwa hakuna ambaye angejua kwamba anatazama ushindi.

Aliyesema ni mtangazaji. Naye alitoa wapi? Alitegemea taarifa za jeshi. Jeshi lilitegemea ripoti za vikosi vilivyorusha. Vikosi vilitegemea sana skrini ya mfumo wenyewe, ambayo baada ya Patriot kulipuka ilionyesha alama kwamba shabaha huenda imeuawa. Huenda. Katika safari ya kutoka kwenye skrini ya askari hadi kwenye skrini ya nyumbani, neno hilo lilidondoka njiani, na sijaona dalili kwamba kuna mtu mmoja aliyelidondosha kwa makusudi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa kwanza. Januari 18, huko Dhahran, Patriot lilirushwa na habari ikaenea duniani kwamba kwa mara ya kwanza katika historia kombora la balistiki limedunguliwa na kombora jingine katika vita vya kweli. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba hapakuwa na Scud. Kompyuta ilikuwa imeona shabaha isiyokuwapo. Hapo nadharia ya Baudrillard inajitosheleza yenyewe: nakala ilikuwapo, asili haikuwapo, na nakala ikaingia kwenye historia. Kama kisa kingeishia siku hiyo, ningeandika kwamba Mfaransa yule alikuwa sahihi na kuweka kalamu chini.

Hakikuishia hapo. Februari 15, vita vikiwa bado vinaendelea, Rais George H. W. Bush alitembelea kiwanda cha Raytheon kinachotengeneza Patriot, kule Andover, Massachusetts, akawaambia wafanyakazi kwamba kati ya Scud 42 zilizokabiliwa, 41 zilizuiwa. Juni 8 mitambo ya Patriot ilipita katika gwaride la ushindi jijini Washington. Kufikia Desemba jeshi lilikuwa limeshuka: mafanikio ya zaidi ya asilimia 80 Saudi Arabia na zaidi ya asilimia 50 Israel. Aprili 1992 yakawa zaidi ya 70 na zaidi ya 40. Katika kikao cha kamati ya Bunge la Marekani mwezi huohuo, jenerali mmoja aliyehusika na mradi alitetea kauli ya rais kwa kueleza kwamba kuzuiwa hakukumaanisha kuangamizwa. Kulimaanisha kwamba njia ya Patriot na njia ya Scud zilikutana angani. Septemba mwaka huo ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilihitimisha kwamba ushahidi wenye nguvu kabisa kuwa kichwa cha Scud kiliharibiwa ulipatikana katika asilimia 9 hivi tu ya mapambano.

Ngazi hiyo ya namba, kutoka 41 kati ya 42 hadi asilimia 9, ilishukwa kwa kusukumwa. Mmoja wa waliosukuma ni Theodore Postol, profesa wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ambaye huko nyuma aliwahi kuwa mshauri wa kisayansi katika jeshi la majini la Marekani. Silaha yake kubwa ilikuwa kitu ambacho kila mtu alikwisha kukiona: mikanda ya televisheni.

Yeye na mwenzake George Lewis walikusanya picha zilizopigwa na wapiga picha wa vituo vya habari, wakazitazama fremu moja baada ya nyingine, yaani picha moja moja zinazounda video. Kamera ya video ya wakati ule ilichukua fremu 30 kwa sekunde. Ukiutazama mkanda kwa kasi yake ya kawaida, unaona nuru mbili na mwako, na akili yako inakamilisha habari. Ukiusimamisha, habari inakatika vipande. Katika fremu hii, Scud ni mstari mwembamba unaong'aa kwa joto la kuingia angahewani. Katika inayofuata, mstari umeshuka kidogo na mwako mdogo umetokea kando yake. Katika inayofuata, mwako umekua. Fremu chache baadaye unaona jambo ambalo jicho halikulijali mara ya kwanza: mstari uko chini ya mwako, haujakatika, unaendelea na safari yake. Ukiuacha mkanda uendelee, katika baadhi ya mapambano unaona mwanga wa pili, huu wa chini, kwenye upeo wa macho, kichwa cha Scud kinapolipuka ardhini.

Kwa kuwa kasi ya Scud ilijulikana, umbali kati ya mwako na mstari uliweza kukadiriwa. Katika thelathini ya sekunde, Scud inayoshuka kwa mita 1,676 kwa sekunde husogea takriban mita 56. Kwa hesabu za namna hiyo Postol na Lewis waliona kwamba mara nyingi Patriot lililipuka mamia ya mita kutoka kwenye shabaha, mbali mno kwa vipande vya chuma kufanya lolote. Hawakuona katika mikanda waliyokuwa nayo pambano hata moja ambalo kichwa cha Scud kiliharibiwa bila shaka. Kauli yao ilikuwa kwamba kiwango cha mafanikio kilikuwa chini sana, pengine karibu na sifuri. Moshe Arens, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Israel wakati wa vita, naye alikuja kusema hadharani kwamba mafanikio ya Patriot yalikuwa haba.

Majibu ya watetezi wa Patriot ndiyo yanayonifanya nirudi kwenye kisa hiki kila mara. Walisema kamera ya televisheni ni ya polepole mno. Kati ya fremu moja na nyingine mambo mengi hutokea yasionekane. Mwako unaoonekana huenda haupo pale mlipuko ulipoanzia. Picha za waandishi wa habari hazikupigwa kwa ajili ya vipimo, kwa hiyo haziwezi kuthibitisha chochote. Kwa maneno mengine, picha si uhalisi, na anayeamini macho yake anajidanganya.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa yote. Ni kweli fremu 30 kwa sekunde haziwezi kukuambia kama Patriot lilikosa kwa mita 10 au 40. Ni kweli pia kwamba mikanda ilionyesha sehemu tu ya mapambano, na mtu anaweza kuuliza kama sehemu hiyo inawakilisha mengine. Lakini kukosa kwa mita 300 hakugeuki kuwa kulenga shabaha kwa sababu kipimo chako kina wasiwasi wa mita 60 au 100, na Scud inayolipuka ardhini inaonekana hata kwa kamera mbovu. Jopo la wanafizikia lililoupitia mzozo huo baadaye, mwishoni mwa muongo, liliona kwamba mikanda ile ilibeba taarifa za maana na kwamba kuitupa yote hakukuwa na msingi.

Kinachonishangaza ni wakati hoja hiyo ilipozaliwa. Kwa wiki sita kamera zilezile, kwa fremu zilezile 30, zilikuwa zimetangaza ushindi, na hakuna ofisa aliyepanda jukwaani kuwaonya watazamaji kwamba kifaa hicho ni cha polepole. Udhaifu wa picha uligunduliwa siku picha zilipogeuka. Tumezoea kudhani kwamba mashaka ya usasaleo, ile tabia ya kusema kila picha ni tafsiri na hakuna njia ya kuifikia hakika, ni chombo cha wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Hapa kilikuwa mikononi mwa jeshi na kampuni ya silaha. Wakati wa vita walihitaji tuamini tulichokiona. Baada ya vita walihitaji tusiamini. Zote mbili zilihudumia bajeti ileile. Na pale mashaka yasipotosha, kulikuwa na njia za zamani zaidi: mwaka 1992 maofisa wa usalama wa wizara ya ulinzi ya Marekani walidai kwamba makala ya Postol, iliyokwisha kuchapishwa, ina siri za serikali.

Je, Postol aliufikia uhalisi wenyewe? Mfuasi wa Baudrillard atasema hapana, alibadilisha simulizi moja kwa nyingine, na bado alikuwa anatazama skrini. Kwa kiasi fulani namkubalia. Postol hakuwapo Riyadh usiku ule, na hata angekuwapo angeona mwako kama wengine. Alichokuwa nacho ni picha, jedwali la kasi, ripoti za mashimo na nyumba zilizobomoka, na dhana kadhaa ambazo mtu anaweza kuzipinga. Lakini simulizi yake ilikuwa na sifa ambayo ile ya kwanza haikuwa nayo: ilieleza jinsi ya kuivunja. Leteni mkanda mmoja unaoonyesha kichwa kikipasuka angani, na hesabu yangu imeharibika. Simulizi ya jeshi ilikaa ndani ya makabati ya siri, na kila kabati lilipofunguliwa namba ilishuka. Anayesema simulizi hizi mbili ni sawa kwa kuwa zote ni simulizi, kwa maoni yangu, amechoka kufikiri.

Christopher Norris, mhakiki wa Uingereza, alimshambulia Baudrillard kwa msingi unaokaribiana na huo mwaka 1992. Alisema kwamba wakati waandishi na wanasayansi wanahangaika kuchimbua kilichofichwa, mwanafikra anayetangaza kuwa hakuna cha kuchimbua anawarahisishia kazi wanaoficha. Naona Norris alikuwa mkali kupita kiasi, maana Baudrillard alichora vizuri mno jinsi matangazo ya moja kwa moja yanavyofanya kazi. Tatizo lake ni kwamba alisimama hapohapo kwenye moja kwa moja. Picha inayorushwa papo hapo haikupi muda wa kuuliza. Kabla hujamaliza swali imekuja nyingine. Picha iliyohifadhiwa inaweza kurudishwa nyuma, kusimamishwa, kupimwa, kulinganishwa na shimo la ardhini. Ni mkanda uleule. Kilichobadilika ni nani ana muda, na nani ana ruhusa ya kubonyeza kitufe cha kusimamisha.

Kuna usiku mmoja katika kisa hiki ambao hauna picha ya mwako, nao ni Februari 25. Scud ililipiga jengo walimolala wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, ikawaua 28 na kujeruhi takriban 100. Hakuna Patriot lililorushwa, kwa hiyo televisheni haikuwa na pambano la kuonyesha, ilikuwa na vifusi tu. Uchunguzi wa GAO ulieleza kilichotokea. Kompyuta ya mfumo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu katika namba za mfumo wa mbili, zile za sifuri na moja ambazo kompyuta hutumia. Ilikatwa ili ienee kwenye biti 24, yaani tarakimu 24 za mfumo huo. Kosa lililobaki kila mara lilikuwa dogo mno, lakini liliongezeka kadiri mtambo ulivyokaa bila kuzimwa. Mtambo wa Dhahran ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100. Saa yake ilikuwa imepotoka kwa sekunde 0.34, na eneo ambalo rada ililitazama ikitarajia kuiona Scud lilikuwa limehama zaidi ya nusu kilomita. Rada ilitazama anga tupu, haikuona kitu, ikahitimisha kwamba hakuna kitu. Waisraeli walikuwa wameligundua tatizo hilo na kulitolea taarifa Februari 11. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya shambulio.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu linaweka Januari 18 na Februari 25 pamoja. Mara ya kwanza mfumo uliona kisichokuwapo. Mara ya mwisho haukuona kilichokuwapo. Katika visa vyote viwili askari waliokuwa ndani ya kibanda cha mtambo hawakuwa na njia nyingine ya kujua ila skrini. Wao pia walikuwa watazamaji, na mjadala wa usasaleo, unaohangaikia sana mtu wa kwenye kochi, huwasahau.

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kusema tulidanganywa. Lakini mwako ulifanya kazi halisi. Marekani ilikuwa na hofu kwamba Israel ikilipiza kisasi, nchi za Kiarabu zilizokuwa ndani ya muungano zitajitoa. Patriot zilipelekwa Israel haraka, na serikali ya Yitzhak Shamir, ikiwa chini ya shinikizo kubwa la Washington, haikulipiza. Kadiri watu wa Tel Aviv na Haifa walivyoamini kwamba kuna kitu kinapanda kuwatetea, ndivyo uvumilivu ulivyowezekana. Kwa lengo hilo la kisiasa, kombora lililokosa kwa mita 300 na kulipuka kwa mwanga mzuri lilitosha. Yaani picha ya ulinzi ilileta sehemu ya matokeo ya ulinzi, na hili Baudrillard angelipenda, ingawa mpango huo una kikomo: hadhira inaweza kutulizwa kwa mwako, kichwa cha mlipuko hakiwezi.

Miaka 12 baadaye, katika vita vya pili vya Iraq, Patriot lilirudi likiwa limeboreshwa na likisifiwa tena. Machi 23, 2003, karibu na mpaka wa Kuwait, kikosi cha Patriot kilirusha kombora na kuidungua ndege ya Uingereza aina ya Tornado, wanajeshi wote wawili waliokuwa ndani wakafa. Mfumo ulikuwa umeitambulisha kwenye skrini kuwa ni kombora la kuwinda rada, linalokuja moja kwa moja kwa kikosi chenyewe, na askari walikuwa na takriban dakika moja ya kuamua. Aprili 2 ndege ya jeshi la majini la Marekani, F/A-18, ilidunguliwa na Patriot pia, rubani wake akafa. Jopo la ushauri la wizara ya ulinzi ya Marekani lililochunguza utendaji wa mfumo huo lilieleza kwamba uliendeshwa zaidi na mashine yenyewe, na kwamba askari walikuwa wamefunzwa kuiamini programu. Hawakuwa na mkanda wa kurudisha nyuma, na hakuna aliyekuwa amewazoesha kuuliza kama nukta iliyo mbele yao ni ile ambayo mashine inasema ni hiyo.